Nguzo ya Saba

Nilipokuwa mtoto, kule Masumbwe, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, nguzo ya nyumba haikuchimbiwa kabla ya kuchomwa mguu. Baba alikuwa mgodini Geita, kwa hiyo nyumba yetu mpya ilisimamiwa na bibi, mama yake. Aligeuza ncha ya kila gogo motoni mpaka ikawa nyeusi tititi, kisha akaikwangua kwa ukucha kuhakikisha moto umeingia.

"Mti usioonja moto haujui kama umekufa, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa kilugha chetu. "Utaendelea kunywa huko chini. Siku ukikosa maji, utamnywa mtu."

Nguzo ya saba, ya mwisho, aliniachia mimi niichome. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, wenzangu wakaniita tukakamate kumbikumbi, na mimi kwa kumbikumbi nilikuwa sijiwezi. Nikaipaka masizi ya chungu, nikatimua mbio. Bibi, macho yameanza kuingia ukungu, aliipokea bila kuikwangua, akaichimbia.

Kiangazi cha pili yake, mchana mmoja wakubwa wakiwa wanachuma pamba, niliigonga nguzo ile kwa kidole, mchezo tu. Ndani kukajibu: tak-tak-tak. Nikagonga tena. Ikajibu kwa haraka zaidi. Mdogo wangu Masanja alikuwa amelala chini yake.

Jioni ile Masanja akashikwa na homa. "Maji," alilia. Akinywa, anataka tena. Siku tatu nilimtazama akikauka, na kila nilipoigusa nguzo ilijibu, nami nikanyamaza kwa kuogopa fimbo. Siku ya nne nikashindwa, nikamwambia bibi yote.

Hakunichapa. Alimbeba Masanja mbiombio akamlaza uani. Kabla hajanyoosha mgongo tukasikia kishindo: nguzo imekatika, kona ya paa imelala juu ya mkeka wa mtoto.

Bibi alikichimbua kisiki kilichobaki, mchwa tele, akanishikisha, nikakitia motoni mpaka kikawaka.

"Sasa umejua," alikiambia kile kisiki.

Usiku ule Masanja alikunywa kikombe kimoja tu, akalala.

Leo najua kwamba mchwa hugonga wakishtuliwa, na kwamba malaria huleta kiu. Nimejenga nyumba ya tofali isiyo na nguzo hata moja. Lakini Masanja, sasa mzee mwenye wajukuu, akija kunisalimu na kuomba maji, mimi humjazia kikombe nikingoja kuona kama ataomba cha pili. Naye hunishukuru. Zile siku tatu nilizonyamaza bado sijamwambia.