Risasi kwenye Tairi za Mbele

Mume wangu ana gari la rimoti la kupanda mawe. Si la mtoto, ni lake, mtu mzima mwenye ndevu. Jioni akifunga kibanda chake cha kutengeneza simu hapa Bariadi, analipandisha kwenye mawe ya nyuma ya nyumba, majirani wanakuja kutazama.

Shida ilikuwa kukata kona. Kwenye mwinuko mbele panakuwa pepesi, tairi zinageuka lakini hazishiki jiwe, gari linakwenda moja kwa moja tu. Akaona kwenye simu kwamba dawa yake ni uzito. Siyo juu ya bodi, litabinuka. Uzito ukae chini, kwenye ringi za mbele. Basi akavunja betri ya sola iliyokufa, akatoa risasi, ile metali nzito ya kijivu, akaiyeyusha, akaimimina kwenye mchanga, ikipoa anaikata kwa mkasi na kuibandika kwa gundi.

Aliiyeyushia kwenye sufuria ya uji wa mwanangu.

"Nitaisugua kwa mchanga," akasema.

"Hiyo hairudi jikoni kwangu. Risasi ni sumu, hukusoma?"

"Sumu ukiila. Nani anakula tairi?"

Gari liligeuka, siwezi kudanganya. Akanogewa, akaongeza vipande mpaka vikazidi, mota ya usukani ikawa inalia na tairi zinageuka kivivu. Akaanza kupunguza. Vile alivyobandua akaviweka mkekani, kando yake, macho yote kwenye gari.

Binti yetu anatambaa. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilipogeuka nikamwona anatafuna. Nikamtia kidole mdomoni, nikapata mate ya kijivu tu.

"Mayu, mama wee, tulia," akaniambia mama mkwe, tunayeishi naye. "Watoto wanameza hata mawe."

"Mama, jiwe halitoki kwenye betri." Sijawahi kumjibu hivyo. Nikambeba mtoto, nikaita bodaboda.

Hospitali wakampiga picha ya eksirei. Kipande kipo, cheupe, tumboni kwa mwanangu. Daktari akauliza ni kitu gani. Nikamtazama mume wangu, aliyetufuata mbio. "Mweleze."

"Ni risasi ya usukani," akasema kwa sauti ndogo.

"Usukani wa nini?"

"Wa gari. Gari dogo."

Daktari hakucheka. Alisema kimeshaingia kwenye utumbo, kitatoka chenyewe, tukague kila choo, kisha turudi kupiga picha nyingine. Damu ingepelekwa Mwanza kupimwa, kwa sababu risasi ikiingia kwenye damu inaharibu akili ya mtoto polepole, na kwa macho huwezi kuona.

Nyumbani nikampa mume wangu beseni na kijiti. "Nepi zote ni zako. Usiku na mchana." Mama mkwe akaguna kwamba mwanaume hashiki nepi. Nikamwambia mwanaume ndiye aliyekata risasi.

Akakagua. Asubuhi moja akaingia chumbani na kile kipande kwenye karatasi, anatabasamu kama siku gari lilipokata kona.

"Kimetoka, mke wangu. Yameisha."

"Majibu ya damu yamerudi?"

"Bado."

"Basi hayajaisha."

Tabasamu likamwisha. Mtoto alikuwa kitandani ananing'ang'ania kanga, anasema ba ba ba. Wiki iliyopita alisema hivyohivyo nikafurahi. Sasa namsikiliza kama mwalimu anayesahihisha, natafuta kilichopungua.