Chifu wa Kijito na Sufuria za Nyanya

Mwezi uliopita nilisimama pale Migwani, karibu na stendi, nikaona jambo ambalo nyanya yangu asingeliamini hata ukimwapia: Wakamba wamepanga foleni wakingoja samaki wa kukaanga. Mama mmoja anawageuza kwenye karai, na mzee wa kanisa, kofia mkononi, anaomba awekewe kichwa. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanigeukia.

Utotoni mwangu, rafiki yangu, huko kwetu kati ya Tulia na Matinyani, samaki hakuwa chakula. Nyanya alisema ni nyoka aliyesahau kurefuka. Lakini kukataa kumla hakukumaanisha kumdharau, ndiyo maana samaki mmoja nusura avunje ujirani wa miaka mingi.

Bondeni kwetu kulikuwa na kijito kilichotoka kwenye chemchemi ya mawe, hakikauki hata jua likiwaka vipi. Asubuhi wanawake walishuka na sufuria za jana. Nyanya alikuwa na jiwe lake bapa la kuoshea, na jirani yetu alikuwa na lake, hatua kama ishirini chini zaidi. Walisugua kwa mchanga na majivu huku wakirushiana habari juu ya maji: nani amezaa, nani ameachwa, kwaya ya nani imeimba kama mbuzi waliofungiwa. Ukoko wa ugali uliolowekwa tangu jana ulibanduka, ukaelea vipande vyeupe. Mimi, msichana wa miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kubeba sufuria na kusikiliza yasiyonihusu.

Chini kidogo ya jiwe la nyanya palikuwa na mwamba mkubwa kama mbuzi aliyelala. Nyuma yake alikaa samaki mmoja mnene, mwenye vijindevu viwili, akitikisa mkia polepole. Wadogo walikuwa nyuma yake wakigombea masazo, na aliyethubutu kusogea mbele aligongwa mbavuni. Nyanya alimpa jina la Chifu, kwa sababu hakwenda kutafuta chakula. Chakula kilimfuata alipoketi. Tena aliamini kabisa kwamba Chifu alikaa pale kwa ajili ya mapishi yake. Wageni walioneshwa. Hata pasta alioneshwa.

Basi mvua za mwaka ule zikaja kwa hasira. Kijito kilifura siku mbili, na kilipotulia, mwamba ulikuwa umebingirishwa hadi chini ya jiwe la jirani. Chifu naye alikuwa huko huko, anatikisa mkia kana kwamba alizaliwa pale.

"Huyu amechoka na muthokoi usio na chumvi," jirani akasema. "Samaki anajua jiko linalopika."

Ulikuwa utani. Lakini nyanya hakucheka. Alikusanya sufuria zikiwa nusu chafu, akapanda mlima bila kuniangalia.

Kuanzia siku hiyo kulikuwa na vita, na sisi watoto tukanenepa. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, ulitiwa mafuta mpaka ukang'aa. Maharagwe yaliungwa kwa vitunguu viwili. Jumanne moja, Jumanne ya kawaida isiyo na Krismasi wala mgeni, tulipikiwa chapati! Sufuria zote zenye mafuta zikaoshwa kijitoni kwa mbwembwe, na Chifu hakurudi. Mimi nililala kifudifudi juu ya jiwe nikaona sababu. Mapishi ya nyanya yalipita kwake mbio, hayasimami, yakateremka moja kwa moja hadi mdomoni mwa Chifu kwa jirani.

"Susu," nikamwambia nyanya, "unamlisha samaki wa mwenzako."

"Nyamaza. Osha."

Mchezo ukageuka uchungu. Wale wawili waliacha kusalimiana. Moto wetu ulipozimika sikuruhusiwa tena kwenda kwa jirani kuomba kaa. Nilizunguka hadi boma la mbali, na kaa likafika limekuwa jivu. Jioni jirani hakuja tena kuchambua mbaazi na nyanya barazani. Nyanya alichambua peke yake na kusema hana haja na mtu. Lakini kila mbwa alipobweka, aliinua kichwa kutazama njia.

Nikaamua kumrudisha Chifu. Siku tatu nilitoka shuleni nikapitia kijitoni, nikabingirisha mawe na kuyapanga chini ya jiwe la nyanya, hadi maji yakawa na mahali pa kukimbia na mahali pa kupumzika, bega kwa bega. Kwanza walikuja wadogo. Siku ya tano akaja Chifu mwenyewe, akawagonga wote, akaketi.

Nyanya alipomwona aliimba pambio kwa sauti iliyofika ng'ambo ya pili. Nilijiona mpatanishi mkubwa, kumbe nilikuwa nimemwaga mafuta motoni. Jumamosi hiyo sokoni Tulia, jirani aliwaambia wanawake kwamba samaki hahami bure, kuna mtu ametia dawa majini. Neno hilo kwetu halichezewi. Nyanya alipoletewa, aliketi kwenye kigoda, akalifungua fundo la kitambaa chake cha kichwa na kulifunga, akalifungua na kulifunga. Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ulikataa.

Jumatatu asubuhi Chifu hakuwepo. Si kwa nyanya, si kwa jirani. Nyanya akasimama upande wake, mikono kiunoni. Jirani akasimama upande wake.

"Umempeleka wapi?" nyanya akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa jirani baada ya wiki nyingi.

"Mimi? Si wewe mwenye dawa?"

Hapo ulimi wangu ukafunguka, maana jana yake nilikuwa nimepita karibu na nyumba za walimu na kunusa harufu ngeni, nikachungulia nikaona vijindevu kwenye sahani. "Mwalimu wa sayansi amemvua. Yule aliyehamia kutoka upande wa ziwani. Amemkaanga."

"Amefanyaje?"

"Amemla. Na ugali."

Wakatazamana. Kisha wanawake wale wawili walipanda kilima hadi shuleni wameandamana kama askari, sufuria bado mikononi, nami nyuma, nimeshachelewa darasani. Mwalimu aliitwa nje katikati ya kipindi, chaki sikioni.

"Umemla Chifu wetu!" jirani akafoka. *Wetu*, alisema. Nilisikia vizuri.

"Mama, samaki hana alama kama ng'ombe. Ningejuaje ana wenyewe?"

"Tulikuwa tunamlisha!" nyanya akasema.

Mwalimu aliomba radhi, kisha akaomba twende naye kijitoni. Alipofika alichutama, akatuonyesha kwa kidole. Mahali pa Chifu, pale pale hasa, palikuwa na samaki mwingine, mdogo kidogo, anatikisa mkia kwa madaha.

"Samaki hachagui mpishi," akasema. "Anachagua kiti. Anataka akae penye maji matulivu asichoke, na maji ya kasi yapite karibu yamletee chakula. Aliye mkubwa huchukua kiti kizuri. Akiondoka, anayemfuata anakalia." Kisha akakunja uso. "Lakini mawe haya hayakujipanga. Nani amefanya kazi hii?"

Nikainua mkono kama niko darasani.

Jirani alinitazama, akatazama mawe, akatazama nyanya. Akacheka mpaka akaketi majini na nguo zake. "Kumbe mchawi ni huyu!" Kicheko kikakatika. "Mwiitu wa asa," akamwambia nyanya, yaani dada yangu, "yale ya sokoni nilikosa. Jumamosi nitayarudisha pale pale nilipoyasemea."

Nyanya alimpa mkono wa kumwinua. Njiani alinifinya sikio kidogo, kisha akaliacha. Jioni hiyo mbaazi zilichambuliwa na watu wawili. Nami nililipia amani ile, maana chapati ziliisha siku hiyo hiyo na muthokoi ukarudi kuwa muthokoi.

Wote wawili wamelala sasa, na kijito ni mchanga mtupu unaozolewa na malori. Maji yapo, ya bomba, na mimi ni miongoni mwa walioyashangilia. Kila mtu anaosha vyombo nyumbani kwake, mlango umefungwa. Hatujui jirani amepika nini, wala hatuna la kukosana naye, na miaka inapita bila mtu kubisha hodi aseme, "Nilikosa."