Jina lililokataa kutoka kwenye kioo cha saluni, Nyakabiga

Wakuu, nawasalimu nyote, mliolala na mnaokesha humu.

Najua mnanijua kwa kuongeza chumvi. Leo mkebe wa chumvi nimeuacha jikoni. Hii niliiona mwenyewe, Bujumbura, miaka ya vita, wakati wa embargo, Burundi imewekewa vikwazo na bidhaa haziingii.

Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, cheti nakitembeza mfukoni kama hati ya kumiliki nchi. Kazi yangu: kukata maandishi ya autocollant, ile plastiki yenye gundi, na kuyabandika kwenye vioo vya maduka. Mashine hakuna. Ni wembe, rula na kubana pumzi.

Bei ilikuwa herufi kwa herufi, kwa urefu wake. S na O bei juu, maana mviringo unakula wembe. Jamaa mmoja wa duka la vyakula alikuja anataka "Alimentation Dieu Merci", yaani Asante Mungu. Aliposikia hesabu akaondoka na "Dieu", Mungu peke yake.

Kubandua jina la zamani nilifanya bure. Shikeni hapo.

Siku moja akaja Désiré, kijana wa manukato mengi, anafungua saluni ya akina mama pale Nyakabiga. Kwenye kioo, upande wa ndani, kulikuwa na maandishi mekundu ya fundi cherehani: COUTURE CHEZ CONSOLATA.

"Toa yote," akasema. "Mwenyewe alishakufa. Ndugu yake ndiye aliyeniuzia."

Vita ilikuwa imehamisha watu, mtaa mzima ni wageni. Nikakwangua, nikasugua kwa petroli, kioo kikang'aa mpaka nzi wakawa wanateleza. Nikabandika SALON DÉSIRÉ.

Mvua zilipoanza, nikaitwa.

Ndani, maji ya kuoshea nywele yanachemka kwenye mbabula, lile jiko la makaa, mvuke umejaa. Na kwenye kioo, katikati ya ukungu, herufi zinajitokeza polepole, moja moja, kama kuna mtu anaziandika kwa kidole.

CONSOLATA.

Mama mmoja aliyekuwa anasukwa akainuka, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado, akaondoka hivyo hivyo.

"We fundi, mi nilikuambia utoe," Désiré akaninong'oneza.

"Nimetoa, patron. Pitisha mukono."

Akapitisha. Kioo kitupu. Ukungu ukarudi, na jina likarudi nao.

Nikajaribu siki, majivu, ndimu. Wapi. Na kioo kipya, kwa embargo ile, kilikuwa adimu kuliko mvua ya pesa. Tukakubaliana nifunike kioo chote kwa autocollant nyeupe. Kwa bei niliyomtajia ningenunua Rohero nzima, mtaa wa wenye pesa. Sawa, baiskeli.

Nikiwa napima, nikamwona mwanamke amesimama nje kwenye mvua, hana mwavuli. Analisoma lile jina, midomo inacheza.

Akaingia.

"Mwiriwe. Consolata ni mimi."

Désiré akadondosha kitana. Mimi nilimtazama miguu kwanza, kuhakikisha inagusa chini.

"Consolata alikufa," Désiré akasema. "Leta papiers, hati za chumba."

"Ziliungua na nyumba. Nimetoka kambini, Tanzania. Hiki chumba ndicho kitu pekee nilichobaki nacho."

"Jina si liko hapo kwenye kioo? Kila mutu anaweza kulisoma na kusema ni yeye."

Akaitwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa, mzee mpole, naye mgeni mtaani kama sisi wote. Akamuuliza, "Mama, una kitu kingine?"

Akafikiri.

"Pale chini, karibu na mlango, kuna jina la mutoto wangu. Alibandika mwenyewe, na mabaki ya plastiki. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, akaipandisha juu ya zingine."

Wakuu, kioo kile nilikikwangua mimi. Chini pale sikukuta herufi hata moja, na mvuke haukuwahi kufika huko. Chef aliponiuliza nikasema hivyo hivyo. Désiré akatabasamu.

Yule mama akapiga magoti. Akasogeza mdomo kwenye kioo, akapumua.

NADIN. Na ile E imekaa juu, kama mtoto aliyebebwa mabegani.

Chef akavua kofia. Akamnyooshea Désiré kiganja mpaka ufunguo ukatua.

Ukungu ukafifia. Yule mama akapumua tena. Na tena. Hakuna aliyemuuliza Nadine yuko wapi.

Najua wajuzi mtaniambia ni gundi, kwamba herufi zikikaa miaka kioo hakisahau. Nakubali. Lakini ninyi hamkuwepo.

Consolata alinipa kazi ya kurudisha jina lake pale juu. Nilipoinama kufuta vumbi la chini, akanishika mkono.

"Huko usiguse, fundi. Huko nitapumua mwenyewe."

Nilichojifunza: kubandua ni kazi, itoze. Na kabla ya kushika wembe, uliza mwenye jina yuko wapi, na usiridhike na jibu la anayetaka litolewe.

Mafundi wenzangu, ninyi mnatoza vipi kubandua? Na kuna yeyote aliyewahi kurudiwa na jina? Karibuni, kiti kipo.