Kochi Lisilogusa Ukuta

Kochi la kisasa haligusi ukuta. Hivyo ndivyo alivyoniambia mdogo wangu wa kike, amesimama katikati ya sebule ya baba yetu hapo Kanamkemer, mikono kiunoni, anangoja nimsifu. Mimi nilikuwa ndio nimeshuka kwenye gari kutoka Kakuma, ambako nafundisha, na vumbi la njiani bado limenijaa masikioni. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Haikuwa nyumba yetu tena.

Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijivu. Kijivu! Lodwar hii, ambako kila kitu nje kimeshakuwa rangi ya vumbi, mtu anafunga safari kutoka Nairobi na ndoo za rangi ili atuletee vumbi jingine ndani. Kalenda zote zilikuwa zimeshushwa, hata ile ya zamani ambayo Mama alikataa kuitupa kwa sababu ya picha ya maporomoko ya maji. Maua ya plastiki, hakuna. Kabati la vioo na vikombe vyake vya wageni, hakuna. Vile viti vinne vya mbao vilivyofuatana kando ya ukuta tangu nikiwa msichana vilikuwa vimerundikwa stoo, na vitambaa vya Mama vimeshindiliwa kwenye gunia. Katikati ya chumba lilikaa kochi moja refu la kona, na pembeni yake kabisa alikaa Baba, mikono juu ya magoti.

"Siku hizi hakuna mtu anaweka vitambaa, sista," mdogo wangu akasema. "Ni ushamba. Vilishapitwa na wakati."

Wacha niseme ukweli, vilikuwa vinachukiza. Mama alifuma kitambaa cha kila kitu kilichokubali kukaa kimya. Redio ilivaa. Televisheni ilivaa. Chupa ya chai ilikuwa na sketi. Nilipokuwa chuoni niliona haya kuleta marafiki nyumbani, na sitajifanya leo kwamba nilikuwa nikivipenda.

Lakini Baba haoni. Macho yake yaliharibiwa na ule ugonjwa tunaoujua sana huku kwetu, kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho mwaka baada ya mwaka. Alipoanza kupapasa njia, Mama alifumua vitambaa vya viti vyote vinne akafuma upya, kwa uzi mnene alioununua Kakuma kwa mama mmoja wa Sudan Kusini. Kimoja kilikuwa na matundu, kimoja mistari, kimoja vifundo, na kimoja ua kubwa lililoinuka. Sisi watoto tulimcheka, tukasema hawezi kumaliza mtindo mmoja kabla hajarukia mwingine. Baba alikuwa anainuka kwenye kiti chake cha kwanza, anapitisha mkono juu ya viti hivyo mpaka mlangoni, anatoka kibarazani kusalimia wapita njia. "Ejok!" anaita, nao wanaitikia. Bila fimbo, bila kuomba mkono wa mtu. Mama alipofariki mwaka juzi, Baba aliendelea kutembea hivyo hivyo.

Sasa alikuwa amewekwa kwenye kisiwa cha kijivu, hana ukuta, hana kiti cha pili. Nikamwuliza anaionaje nyumba. Swali la kijinga, lakini lilinitoka.

"Naambiwa pamependeza," akasema.

Mdogo wangu alipiga picha zake, akatukumbatia, akapanda gari la mchana kurudi Nairobi. Saa moja haikuisha. Nilikuwa jikoni nikasikia makofi sebuleni, pa, pa, pa. Nikadhani amekuja mgeni. Kumbe ni Baba anapiga makofi. "Kuna mtu hapo?" akauliza. "Naomba kupelekwa nje."

Naomba! Mtu aliyejenga nyumba hii tofali kwa tofali, anaomba ruhusa ya kuliona jua ambalo hata halioni! Nilimpeleka, nikamkalisha kibarazani, kisha hasira ikanipanda. Nikachukua simu nikaingia kwenye grupu la ukoo, lenye wajomba, mashangazi, binamu na wake zao. Nikaandika: "Mmemwona huyu? Amemfunga Baba ndani ya nyumba yake." Nikamwita mwenye maringo. Nikasema alichotaka ni picha, si baba. Akajibu kwamba alitaka tu Baba akae mahali pazuri kama baba za wenzake. Mimi nani anisimamishe? Nikamalizia: "Akianguka, damu yake iko juu yako." Niliandika hivyo hivyo, na watu wakaunga mkono.

Asubuhi iliyofuata niliita majirani wawili, tukalitoa lile kochi likakae uani na kuku. Nikarudisha viti vinne kando ya ukuta, na meza ya chai mbele ya kiti cha tatu mahali pake pa siku zote. Nikakung'uta vitambaa nikavitandika kimoja kimoja, huku naimba. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na mpango wangu: nimrekodi Baba akitembea mwenyewe, nitume video kwenye grupu, yule binti aone haya mpaka Krismasi.

"Baba, nyumba yako imerudi," nikamwambia. Akakishika kiti chake, akayasikia matundu, akacheka kidogo. "Mama yenu huyo," akasema.

Nikasimama mlangoni na simu. "Haya, njoo hapa kama zamani." Naye akaja kama zamani, haraka, kidevu juu. Kwenye lile kochi alikuwa anaogopa, na woga ule ulimkalisha salama. Sasa hakuogopa kitu. Mkono wake ukapita kiti cha pili, ukafika cha tatu, ukagusa ua, na akageuka kushoto kwa mwili mzima, kama mtu aliyefika mlangoni. Hakuwa amefika. Meza ya chai ilimkata miguu. Aliangukia mkono wake, na nyusi ikagonga ukingo wa mbao.

Simu niliitupa. Nilipomwinua akae, damu inamshuka shavuni, hakuuliza habari ya damu. Alinyoosha mkono mzima akapapasa mgongo wa kiti.

"Ua ni la kiti cha mlangoni," akasema polepole. "Ukishika ua, umefika, geuka. Nani ameliweka hapa?"

Nani? Mimi. Mimi mwenye macho mawili mazima, niliyepangusa viti hivyo utoto wangu wote. Nilijua vitambaa vinamsaidia. Nilidhani vinampa tu pahali pa kushika. Sikuwahi kumwuliza Mama kwa nini havifanani, wala Baba anasoma nini pale, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kuviona vibaya.

Hospitalini walimfunga plasta kuanzia kidole gumba hadi kiwiko. Tukiwa kwenye benchi, Baba akaniinamia. "Usiwaambie ni wewe," akasema. "Waambie nimeanguka, basi." Nami nikaandika kwenye grupu maneno manne: "Baba ameanguka, amevunjika mkono."

Laiti ningeongeza la tano! Simu iliwaka moto. Hakuna aliyejua kwamba viti vimerudi, kwa hiyo wote walimrukia mdogo wangu. Mjomba mkubwa akamwita muuaji. Shangazi akasema asikanyage tena Kanamkemer. Mdogo wangu akatuma ujumbe wa sauti, analia mpaka maneno hayashikani: "Ni mimi. Dada, ulinionya, sikusikia. Nisamehe."

"Wanasemaje?" Baba akauliza.

"Wanakupa pole."

Nikaandika "Si yeye," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Ukoo mzima ulikuwa unangoja neno langu. Nikaandika: "Nimekusamehe."