Gunia Nililoliandika Fifi Bila Kulifungua

Ipo siku moja ambayo sijaisahau hadi leo, mwanangu, na leo umenirudisha huko wewe na kompyuta yako. Umeniambia programu yako hupokea kila kitu kwa jina la Mzigo, hiyo klasi mama, yaani aina kuu, na chini yake zipo klasi watoto mbili, Sanduku na Kifurushi. Vilivyotangulia vilikuwa masanduku, ukachukulia na kilichofuata ni sanduku. Ukakipa kazi ya sanduku, kumbe ni kifurushi, programu ikakufia katikati. Ulicheka ukinisimulia. Mimi sikuweza.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa kituo cha kununulia pamba kijijini Didia. Kwetu mkulima huchambua pamba yake nyumbani: nyeupe isiyo na doa ni safi, yenye madoa na takataka ni fifi, na bei yake ni ndogo. Kwa nje, gunia ni gunia tu. Kazi yangu ilikuwa kulifungua, kuingiza mkono hadi chini, kisha kuliandika kwa chaki safi au fifi.

Nilimpenda Minza, na kwao walishakubali washenga wangu waje baada ya msimu. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ndefu, nami ile chaki ilikuwa imenipa kichwa kikubwa. Baba yake akaleta magunia matatu. Mwaka uliopita mvua ilimharibia, akaleta fifi. Basi nikaandika fifi yote matatu bila kufungua hata moja, huku nikimpa shikamoo.

Mzee hakugomba. Alifungua gunia mbele ya watu, akatoa pamba nyeupe kabisa. Minza na mama yake walikuwa wameichambua siku nne.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "gunia liko mbele yako hukulifungua. Binti yangu utamjuaje?"

Nilifuta, nikaomba radhi. Washenga wangu walirudishwa mlangoni, na Minza akaolewa Geita, huko Kalangalala. Mama yako alikuwa mke mwema na haya yote aliyajua, lakini sikufichi: msimu wa pamba ukifika, moyo wangu huenda Geita.

Kwa hiyo nakuusia. Jina uliloliandika kwenye programu linakuambia huo ni mzigo, basi. Aina yake hasa imo ndani ya kitu chenyewe, na utaijua kikishafika, programu ikiwa inaendeshwa. Kiulize kwanza ni cha klasi gani. Kikijibu sanduku, kipe kazi ya sanduku. Kikijibu vingine, uwe na njia nyingine tayari. Na watu wafanyie hivyo hivyo kila wanapokujia, hata wale uliowajua jana. Mungu akupe mkono usio na haraka, mwanangu, na akuachie unayempenda.