Rundo Langu la Mashine Zilizokufa

Mwanangu, kuna kipindi nilikuwa nasema, tena kwa sauti, kwamba hakuna kitu kwenye ufundi kinachoweza kunishangaza. Nilisema kijiweni, nilisema nje ya kanisa baada ya ibada, nilimwambia hata mchungaji. Na nilikuwa na haki ya kusema. Shule niliishia darasa la nne. Nikachunga mbuzi wa watu, nikabeba matofali, halafu kwa mikono hii miwili nikajenga nyumba ya vyumba vitano hapa Ihumwa, bati la rangi, madirisha ya alumini, yote kwa kutengeneza drili na grenda za watu. Hakuna aliyenishika mkono isipokuwa marehemu Mzee Yoramu, fundi aliyenifundisha kazi, na huyo naye alinishika kidogo tu, mengine niliyaona mwenyewe.

Sasa nakumbuka mambo yaliyonifanya niache kusema maneno yale. Sikuwa kijana wa umri, mvi zilishaanza kuchungulia. Ila kwa akili nilikuwa mdogo kuliko wewe unayesoma hapa.

Ilikuwa wakati majengo ya serikali kule Mtumba yanapanda. Mafundi walimiminika kutoka kila mkoa, wa vigae, wa alumini, wa mageti, na kila mmoja na mashine yake ya bei rahisi. Unazijua mashine hizo. Duka linaleta shehena moja, inaisha. Shehena inayofuata ina rangi ileile na jina lilelile, lakini ukifungua ndani gia ina meno mengine, na kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, haviingii. Ukiuliza spea ya ile ya zamani, muuza duka anakutazama kama umeuliza habari za babu yake. Anakwambia nunua mpya. Na fundi wa vigae hana hela ya mpya, anataka ileile ipone, tena kabla ya mchana maana msimamizi anamsubiri.

Dawa yetu ilikuwa moja: mashine iliyokufa. Grenda imeungua koili lakini gia yake nzima, unaitoa gia unampa mwenzake. Katika maiti watatu unapata mzima mmoja. Na mafundi wa Ihumwa tulikuwa na desturi tuliyoachiwa na Mzee Yoramu, kwamba fundi akija kuomba kitu kwenye mashine iliyokufa humnyimi. Anainama kwenye rundo lako, anachokonoa, akipata anachukua. Siku ukikwama wewe, unakwenda kuinama kwake. Hakuna bei, hakuna kuandikiana. Wakati bado najifunza, mzee yule alinikuta nimeficha swichi chini ya gunia. Akaniambia mbele ya wateja, "Ndahani, mashine kufia mezani kwako hakukufanyi mrithi wake." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Yaliisha siku ile tu.

Basi akaja Raheli.

Alitoka Bahi, mama wa miaka thelathini na kitu, kanga kiunoni na bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Marehemu baba yake alikuwa anasuka upya waya wa mota za mashine za kusaga kule kwao, na Raheli alimshikia waya tangu mdogo. Akaweka meza ng'ambo ya barabara, akaezeka vipande vinne vya bati, akaanza kazi. Nilimcheka. Nikamwambia mke wangu, "Huyo mwezi hamalizi, atarudi kwenye mpunga." Mke wangu, Mama Elia, akasema, "Mbona unamwangalia sana mtu anayeondoka?"

Mwanangu, nisikufiche. Wivu haukunijia kama hasira. Ulinijia kama kazi ya ziada. Nilikuwa na kazi yangu ya kutengeneza mashine, na nikawa na kazi nyingine ya kuhesabu pikipiki zinazosimama kwa Raheli. Nilikuwa namsikiliza. Akimaliza grenda huwa anaijaribu kwa kukata msumari, na mimi huku nasubiri. Ikikohoa, moyo wangu unatulia. Ikishika vizuri, nausukuma pembeni hata ugali wa uwele na mlenda ninaoupenda. Mama Elia akawa ananiambia, "Baba Elia, shingo yako itakaa upande, tutakupeleka hospitali tuseme nini?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wateja walikuwa wanacheka kule. Kwangu walikuwa wanasubiri kimya, kwa sababu mimi ni mtu wa heshima. Kwake wanacheka.

Siku moja akavuka barabara. "Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Naomba gia ya grenda ndogo, zile za kijani. Madukani zimekwisha kabisa, na kuna kijana wa mageti amesimamishwa kazi mpaka ipone."

Nyuma yangu palikuwa na rundo la kunifika kifuani. Grenda za kijani tu zilikuwa saba, nilizijua kama unavyojua watoto wako. Nikamwambia, "Sina."

Akalitazama rundo. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya fundi, nimeona," akavuka kurudi kwake bila kununa. Kutonuna kwake kukaniudhi kuliko angenitukana.

Kuanzia hapo nikapoteza kipimo. Nikamwita Juma, yule anayezunguka na toroli akinunua chuma chakavu. Nikamwambia chochote chenye mota kilichokufa, kuanzia Ihumwa mpaka mjini, kisipite mlango mwingine. Nitanunua kwa bei ya juu kuliko ile ya chuma chakavu cha kupima kwenye mizani. Juma akasema, "Mzee, hizi nyingine hata kuku hawezi kutagia." Nikamwambia lete. Akaleta. Mwezi wa kwanza nikajaza banda, wa pili nikajaza stoo, wa tatu randa na drili zikaingia chumba cha wageni, na mama mkwe alipokuja kututembelea alilala na watoto. Hela niliyokuwa nimetenga kwa vigae vya sebuleni ikaishia kwenye toroli la Juma. Nikijiuliza usiku nanunua kwa faida gani, jibu lilikuwa moja tu: hapati yeye.

Na hakupata. Wiki mbili tatu meza yake ilipwaya. Pikipiki zikaja mbili, ikaja moja, kisha ikapita siku nzima hakuna. Mwanangu, nilinenepa. Nilimnunulia mke wangu kitenge.

Halafu pikipiki zikarudi. Zikarudi nyingi kuliko mwanzo, nyingine zimetoka Mtumba zikapita mlango wangu na magunia ya mashine, dereva ananipungia mkono kabisa. Nikachanganyikiwa. Spea anapata wapi? Madukani hakuna, kwa wenzangu Juma hapeleki tena, maiti wote wamelala chumba changu cha wageni. Nikamkamata Juma na toroli lake nikamwambia umenisaliti. Juma akavua kofia akaapa. Nikahesabu rundo langu kuona kama limeibwa, nikakuta halijapungua hata skrubu.

Ndipo nikachukua drili moja iliyoungua amecha. Amecha ni ule moyo wa mashine unaozunguka, umevishwa waya wa shaba mwembamba kama nywele. Ukiungua, sisi wote tulikuwa tunautupa, na wa drili ile nilijua haupo popote tena. Nikampa Mama Elia nikamwambia, mpelekee Raheli, usiseme ni ya nani. Mama Elia akavuka barabara, na baadaye nilikuja kuambiwa alivyosema alipofika: "Mdogo wangu, mume wangu kanituma nikupeleleze, fanya kazi yako vizuri asije akanirudisha tena."

Siku ya tatu drili ikarudi. Nikaiwasha, ikaimba. Nikaifungua.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Waya wote ulikuwa mpya, umelala kwenye mifereji yake mzunguko juu ya mzunguko, umebanwa kwa karatasi, umepakwa vanishi, kama kichwa cha bibi harusi aliyetoka kusukwa. Kaboni zilikuwa za jenereta, zile zinazopatikana kila duka, zimechongwa kwa tupa mpaka zikaingia. Na gia, jino lililokuwa limekatika lilijazwa kwa kulehemu, likachongwa upya. Hakuna kitu mle kilichotoka kwenye maiti. Mimi nilikuwa na mashine zilizokufa chumba kizima, na yule mama hakuzihitaji tena hata moja.

Nilishangaa, mwanangu. Sikumwambia mtu.

Labda ningekufa na siri hiyo, kama isingekuwa grenda ya Mzee Yoramu. Aliniachia alipofariki. Ndiyo niliyoanzia maisha, na wateja wangu wa kwanza wote waliiona mkononi mwangu. Asubuhi moja ikatoa moshi. Amecha. Nikaingia kwenye rundo langu kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Nikafungua mashine zote, siku nne, mikono ikachanika. Ilikuwa ya zamani mno, hakuna iliyolingana nayo. Mama Elia alisimama mlangoni akanitazama, akasema taratibu, "Barabara yenyewe si pana, Baba Elia."

Nikavuka. Nilikuwa nimejikunyata kwenye koti ingawa jua lilikuwa kali.

Raheli akainuka kwenye kiti akanipisha. "Shikamoo fundi. Karibu ukae, mpelelezi mkuu amekuja mwenyewe." Wateja wakacheka, na safari hii sikuwa na nguvu ya kukasirika. Akaipokea grenda kwa mikono miwili, akaifungua, akaanza kuutoa ule waya uliokufa, mzunguko mmoja mmoja, akiuhesabu na kuandika kwenye daftari lililochakaa, hesabu za baba yake mwanzo, zake mwisho.

Nikamuuliza, "Hii kazi ulikuwa unaijua tangu unakuja?"

"Za mota kubwa nilizijua. Hizi ndogo nilikuwa naziogopa, zinachukua siku mbili na macho yanauma. Nani ahangaike wakati unaweza kuomba kwa jirani?" Akapuliza vumbi. "Siku ile uliponiambia huna, nilikwenda pale nyuma nikalia. Nina watoto wawili, fundi. Nikasema basi, nijaribu. Ya kwanza iliungua. Ya pili ikaungua. Ya tatu ikazunguka." Akanitazama bila ubaya. "Ungenipa ile gia, mpaka leo ningekuwa nachomoa na kupachika kama wewe."

Hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyomweleza mteja.

Siku mbili baadaye akanikabidhi grenda ya Mzee Yoramu inalia kama zamani. Nikangoja anipunguzie, fundi kwa fundi. Hakupunguza. Jioni ile ile nilitoa rundo lote nje, nikapita kwa mafundi wa Ihumwa mmoja mmoja kuwaambia njooni mchokonoe. Raheli naye alikuja, akachukua gia moja ya kijani. Alisema ni ya ukumbusho.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe uliyenunua bisibisi yako ya kwanza juzi. Mwenzako akikuzidi, wivu utakuja, sikudanganyi. Mimi mpaka leo msumari ukikatika vizuri ng'ambo ile, kuna kitu kinanichoma hapa. Ukija, usiukalie. Chukua mashine iliyokushinda, vuka barabara ukiwa bado una mahali pa kuvukia, sema shikamoo au mambo kulingana na umri wake, uulize umefanyaje. Na fundi akija kuomba kitu ambacho kwako kimekufa, mpe. Ukimnyima hujamzuia kazi, umemfundisha tu kufanya kazi bila wewe. Tena jifunze kuhesabu waya. Mimi nilijifunza kwa huyohuyo, na mvi zangu, na darasa langu la nne.

Mungu akupe macho ya kuona kazi ya mwenzako bila kuumwa, akupe mikono isiyotetemeka, na jirani anayeweza kukucheka na bado akakupisha kiti. Nenda salama. Sebule yangu bado ni ya saruji tupu, na ukija kunitembelea nitakuonyesha, kwa sababu lile neno moja, "Sina," ukichanganya yote niliyommwagia Juma na elfu kumi na tano aliyonitoza Raheli, lilinigharimu shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu themanini na tano.