Nilichomwambia Sista

Mimi ni mtu wa mdomo tangu utotoni, na mdomo huo ndio ulionipatia kazi kwenye zahanati ya misheni kule Kiruruma, miaka michache baada ya vita. Sista aliyeiendesha alikuwa Mzungu, mwembamba, mkali kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu. Shida ni kwamba kina mama waliokuja pale walisema Kinyambo, na Kinyambo yeye hakukijua hata cha salamu. Basi nikawekwa katikati. Niliipenda kazi ile, nisidanganye. Niliringa nayo.

Alhamisi zilikuwa tofauti. Siku hiyo Sista aliweka pembeni sindano na klorokwini, akafungua sanduku la mbao lenye vichupa vya vidonge vyeupe, vitamu kama sukari. Homeopathia, alisema, tiba ya kwao ya vidonge vyenye dawa kidogo mno. Waliokwisha kupimwa, malaria hamna, minyoo hamna, damu haijapungua, lakini wamechoka tu, wamechoka toka asubuhi hadi jioni na dunia haiwapendezi, hao ndio aliowaita Alhamisi. Na maswali yake, jamani! Unapenda chumvi? Unalia mbele za watu au unajificha? Ukipewa pole unapata nafuu au unakasirika? Mwanzoni nilikuwa nabana kicheko.

Aliniambia kwamba wanawake wawili wanaweza kuja na uchovu ule ule yeye akawapa dawa tofauti, kwa sababu hatibu uchovu, anamtibu mwenye uchovu. Akiona kazi ndiyo imemmaliza mtu, alimpa vidonge vya kila siku, nenda nyumbani, pumzika ukiweza. Akiona huzuni iliyofungiwa ndani, alitoa kidonge kimoja tu, kisha akamtaka mtu arudi kila Alhamisi wakae wazungumze, mwezi, hata miezi mitatu. Kama kile kidonge kilikuwa na kitu ndani, mimi sijui mpaka leo. Lakini wale waliorudi kila Alhamisi niliwaona kwa macho yangu. Walianza kuchana nywele, wakaanza kututania.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, nilimpeleka mwenyewe. Watu wake walitoka Rwanda zamani, wakahamia Isingiro. Kwetu alikuja mcheshi, mchapakazi, anatushinda wote kuamka. Kisha akajifungua mtoto akafa siku ya pili, hajapewa jina. Nyumbani kwetu mtoto kama huyo hakuwekewa matanga. Mama yangu alimzika kimya kimya kwenye migomba, akamwambia wifi asilie, kulia kutamfunga tumbo asizae tena, na siku ya nne akampa jembe kwa kuwa maharage yalikuwa yamezidiwa na magugu. Mimi nilikuwepo na sikuona ubaya wowote. Ila baada ya hapo wifi akawa anakaa jikoni, kisu mkononi, ndizi mbele yake, hamenyi. Kaka akaanza kunung'unika kwamba ameoa gogo. Mama yeye alisema waziwazi: "Asipopata nafuu mpaka mavuno ya kahawa, arudi kwao."

Ndiyo maana nilimpeleka, apone abaki kwetu. Nilimpenda yule mwanamke. Nalisema hilo nikijua kilichofuata.

Alikaa mbele ya Sista, mikono ndani ya khanga, akajibu kifupi kifupi. Chumvi, ndiyo. Usingizi, hapana. Sista akauliza, "Yalianza lini?" Nikatafsiri. Wifi akasema kwa Kinyambo, taratibu, akinitazama mimi wala si Sista: "Tangu mlipomfukia mwanangu nikakatazwa kumlilia. Mama yenu alinipa jembe maziwa yakiwa bado yananitoka."

Aibu ikanishika. Na niliyemfikiria, Mungu anisamehe, si yeye. Nilimfikiria mama, kiongozi wa kina mama kanisani, anayesalimiana na Sista kila Jumapili. Mambo ya ndani ya nyumba yetu yatolewe nje, tena kwa mgeni, tena na mke aliyeolewa pale! Nikasema moyoni, huyu naye amekosa adabu. Sista alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri.

"Anasema kazi za shamba zimemzidi," nikasema. "Tangu msimu wa maharage."

Sista akamwangalia wifi kwa muda. "Hakuna kingine? Hajafiwa?" akaniuliza.

"Hapana, Sista."

Swali lile hata sikumtafsiria wifi. Mkono wa Sista ulikuwa juu ya vichupa, ukasita kwenye kimoja, ukahamia kwenye kingine. Akamfungia vidonge vya kila siku. Hana haja ya kurudi, alisema, labda hali ikizidi.

Wifi alivimeza vyote, bila kuruka hata siku moja. Nikimuuliza anajionaje ananijibu "Vizuri," basi, hakuna zaidi. Sista alikwenda kwao likizo na hakurudi. Mavuno ya kahawa yalipofika wifi alikuwa haamki kitandani, na kaka akampandisha kwenye lori lililokuwa linakwenda upande wa Isingiro, yeye na kifurushi chake. Mwaka haukuisha kaka akaoa mwingine. Nami nilinyamaza. Mimi, mtu wa mdomo!

Ilipita miaka kama kumi ndipo nikapata uso wa kwenda. Mama alikuwa ameshafariki. Nilimkuta wifi kwenye kibanja cha kaka yake, anaanika kahawa, mvi zimeanza. Alinipa kigoda na kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu, akakaa.

"Karibu sana, wifi. Za Kiruruma? Watoto hawajambo?" Kwa Kiswahili! Tena kilichonyooka kuliko changu.

"Loo! Kiswahili umejifunza lini?"

"Shuleni, nilipokuwa mdogo. Kwenu mlisema Kinyambo, na mimi nikasema Kinyambo."

Nilikiweka chini kile kikapu cha buni. "Kwa hiyo siku ile, kwa Sista..."

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukumwambia mwenyewe?"

"Nimshitaki mama mkwe kwa mgeni, nawe umekaa hapo? Ningeanzaje, wifi? Nilitaka litoke kwako. Wewe ni mtoto wa nyumba ile. Ungelisema wewe, ingekuwa nyumba imekubali kwamba nilifiwa."

Nikalia. Nikaomba msamaha hovyo hovyo, mara nilikuwa mjinga, mara nilimwogopa mama, mara sijui nini. Aliniacha nimalize, hakukasirika, na afadhali angenitukana. Kisha nikamuuliza kama alijaliwa watoto wengine baada ya hapo.

"Hapana," akasema, huku akigeuza kahawa kwa kiganja. "Ni yule tu. Alikuwa wa kike. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, na wewe leo umeuliza wengine."